Wembe Katika Mkono wa Kushoto

Kwa miaka arobaini na mitatu mkono wangu wa kushoto uliishi bure. Nilipokula, ulipumzika juu ya goti. Niliposalimia watu, ulijificha nyuma ya mgongo. Kazi yake rasmi ilikuwa moja tu, nayo haitajwi watu wakiwa mezani. Wa kulia ndio uliohangaika: ulishika wembe, ulinyoa nusu ya wazee wa Karagwe, ulimsomesha binti yangu Najat mpaka kidato cha sita. Kisha pikipiki ikateleza kwenye tope la barabara ya Nkwenda. Mimi nikatua juu ya kiganja cha kulia, na dereva akatua juu yangu. Dereva hakupata hata mchubuko. Nimemwambia mara nyingi kwamba hajawahi kulalia godoro ghali kuliko mimi.

Hospitali walinifunga hogo la plasta wiki sita. Lilipokatwa, vidole vilikuwa hai, vinahisi joto na baridi kama zamani, lakini kifundo kilikataa kupinda. Kilikuwa kama mlango wa ghala uliovimba kwa mvua. Na kidole gumba hakikuweza kubana hata njiti ya kiberiti.

Kinyozi wa mashine angeweza kujikongoja na mkono wa namna hiyo. Mimi si wa mashine. Duka langu la Omurushaka, mkabala na wanunuzi wa kahawa, lina kiti kimoja, kioo kimoja na ukuta wenye misumari kumi na minne. Kwenye kila msumari ananing'inia mteja. Namaanisha wembe wake: wembe wa kukunja, umefungwa kwenye kitambaa chenye jina. Wembe mmoja, uso mmoja, ndivyo baba alivyonifundisha, na ndiyo maana wazee walituamini hata miaka ile ya ukimwi watu walipoogopa kila chenye makali.

Baada ya ajali, wenyewe walianza kuja kuchukua nyembe zao. Walikuja kwa adabu, na hiyo ndiyo iliyouma. "Pole sana, Ukasha. Naupeleka nyumbani tu, usipate kutu." Wiki ya kwanza misumari mitatu ikabaki mitupu. Ya pili, miwili zaidi. Jirani yangu Novatus, kijana mwenye mashine za umeme na redio inayopiga kelele kuliko jenereta, aliniambia, "Kaka Ukasha, hiyo misumari iliyobaki niazime, nitundike bendera za mpira."

"Subiri nife kwanza," nikamwambia, "halafu utundike na suruali yangu."

Tulicheka. Yeye alicheka zaidi.

Ndipo siku ya soko akaingia Mzee Kashaija wa Ihembe. Sikumtambua mara moja, maana ndevu zilikuwa zimemla uso wote, nyeupe, zimejipinda kila upande. Mkewe, Celestina, alikuwa amefariki miezi miwili iliyopita. Kwa ukoo wao mjane wa kiume hagusi wembe tangu siku ya maziko. Inapofika siku ya kuondoa msiba, ndugu wote hukusanyika, akanyolewa nyumbani kwake, nje, mbele ya macho yao. Na kuna sharti moja: damu isitoke. Likitoka hata tone moja, wanasema marehemu bado hajaaga. Msiba unaanza upya, mwezi mzima mwingine, na mjane anarudi kukaa chini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Siku yangu ni Jumamosi, wiki tatu kutoka leo," alisema. "Utakuja asubuhi, kabla umande haujakauka."

Nikamwonyesha kifundo. Nilijaribu kukipinda mbele yake, kikalia kama ukuni mbichi motoni.

Akakitazama. Akautazama na ule wa pili, ule mvivu. "Una mikono mingapi, Ukasha?"

"Miwili, mzee. Lakini huu mwingine hata kumwagilia maua haujui."

"Miaka kumi na tisa umeninyoa," alisema. "Kila nikirudi, Celestina alinipitishia mgongo wa mkono shavuni kabla hajanipa chakula. Unakumbuka alivyokuwa anakwambia?"

Nilikumbuka. Alikuwa akipita dukani na kikapu cha maharage kichwani anapaza sauti: Ukimrudisha na alama, Ukasha, na mimi nitakurudisha na sufuria kichwani!

"Basi," akasema Kashaija. "Yeye alikuchagua wewe. Mimi sichagui tena."

Akaondoka, wembe wake ameuacha palepale ukutani. Nilikaa kwenye kiti cha wateja, nikajitazama kwenye kioo. Hesabu ilikuwa rahisi. Nikimnyoa Kashaija salama, Ihembe nzima itaona kwamba mimi bado kinyozi. Nikimkata, mzee anarudi kwenye msiba kwa sababu yangu, na misumari yote inabaki mitupu. Nikikataa kwenda, itabaki mitupu vilevile, ila polepole.

Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu, Zuleha, "Leo mkono wa kushoto unaanza darasa la kwanza."

"Umechelewa kuandikishwa," akasema. "Na utajifunzia kwa nani? Mimi sina ndevu, alhamdulillah."

Baba yangu alinifunza kwa ndizi. Unachukua ndizi mbichi ya kupika, ile ya kijani, unaipaka povu la sabuni, unalinyoa povu lote bila kugusa ganda. Ukigusa, hutaona kitu saa hiyo. Subiri. Utomvu unatoka taratibu, unakauka, na kufikia alasiri kila kosa lako ni mstari mweusi. Ndizi haikufokei wala haikuonei haya. Inakuandikia tu.

Siku ya kwanza nilinyoa ndizi moja nikaipa majeraha kumi na moja. Ndizi ndefu kama mkono wa mtoto! Wembe ulikuwa unacheza kati ya vidole kama samaki anayetaka kurudi majini. Nikaanza upya, kama nilivyoanza nikiwa na miaka kumi na miwili: vidole vitatu juu ya shingo ya wembe, gumba chini, kidole kidogo juu ya mkia. Usikabe. Uinue mgongo wa wembe kiasi cha kupitisha njiti ya kiberiti chini yake. Ukilala sana unakwaruza, ukisimama sana unachinja. Mpito mfupi, usiozidi kidole kimoja. Usisukume, uzito wa chuma unatosha. Futa. Rudia.

Mkono wa kushoto ulielewa kila neno na ukafanya kinyume chake.

Nilinyoa asubuhi kabla ya kufungua duka, nilinyoa mchana kweupe dukani, hakuna mteja, kioo kinanitazama. Zuleha alizipika ndizi zangu zilizochanika, kila siku katogo: ndizi na maharage, ndizi na dagaa, ndizi na ndizi. "Baba Najat," alisema siku ya nane, "huyu marehemu leo ana makovu mangapi?"

"Manne."

"Jana yalikuwa sita. Utapona."

Novatus alikuwa akichungulia mlangoni na wateja wake. "Njooni mwone! Kinyozi wa migomba! Kaka, huyo mteja wako mwambie ageuze na upande wa pili!"

"Huyu angalau ametulia," nikamjibu. "Wa kwako wanatoka na vichwa kama viazi vilivyomenywa gizani."

Nilicheka nao, kwa sababu kama huwezi kucheka Omurushaka, hama. Ila mlango ulipofungwa nilichukua ndizi nyingine. Kidole gumba cha kushoto kilitoka lengelenge, likapasuka, nikalifunga kitambaa nikaendelea. Siku ya kumi na tano nilipata makovu mawili. Siku ya kumi na nane nikanyoa ndizi tano, nikazipanga dirishani, nikaswali adhuhuri, nikarudi alasiri. Tano zote kijani tupu. Nilimwita Zuleha akazigeuzageuza kama mnunuzi wa buni anayetafuta punje mbovu.

"Hakuna," akasema, na nikaona ameshindwa kuficha furaha. "Leo tunakula wali."

*

Jumamosi ile nilifika kwa Kashaija ukungu ukiwa bado umelala bondeni. Kibanja chake, lile shamba linalozunguka nyumba, kinajulikana: migomba imefagiliwa chini mpaka unaona aibu kukanyaga, kahawa imepandwa kandokando, na katikati ya migomba kaburi jipya la Celestina, limepandwa maua pembeni. Watu kama sitini walikuwa uwanjani, kwenye mabenchi na mikeka. Na pembeni ya mlango, na mashine yake ya betri mapajani, nani? Novatus.

"Umepotea njia?" nikamuuliza.

"Nimeitwa," akasema, na kwa mara ya kwanza hakuwa na kicheko. "Shangazi ameniita. Kama ikishindikana."

Shangazi wa ukoo huo ndiye Eustadia, dada mkubwa wa Kashaija, mama mfupi mwenye kitambaa cheusi kichwani na sauti inayoweza kufukuza ng'ombe wa jirani bila fimbo. Siku kama hii neno lake ndilo linalosimama. Nikamwamkia. Akaitikia, lakini macho yake yalikuwa kwenye mkono wangu, maana nilikuwa nimeshaukamata wembe.

"Huo mkono," alisema, "unaupeleka wapi?"

"Kwenye ndevu, mama."

"Wa kushoto?" Akageukia watu. "Mnamsikia? Mtu ukimpa chumvi kwa mkono wa kushoto ni tusi. Huyu anataka kumshika nao mzee uso, mbele ya mkewe aliyelala pale! Wewe Mwislamu, kwenu ndiko mnakokataa zaidi. Au nimekosea?"

Hakukosea.

Kashaija alikuwa amekwisha kukaa kwenye kigoda, anatazama kaburini, shati limefunguliwa shingoni. Hakugeuka. "Dada," alisema, "mwache aanze. Akinikata, mtanirudisha chini mimi, si wewe."

"Tone moja," akasema Eustadia, na akachomoa kwenye mkoba kitambaa cheupe, kipya, kimepigwa pasi. Ndicho ambacho angeikagulia kazi yangu mwishoni. "Tone moja tu, na huyu kijana wa mashine anamaliza, na wewe kinyozi hutaonekana tena katika kibanja cha mtu wa kwetu."

Sawa.

Nikaanza kwa mkasi, kidogo kidogo, ndevu zikaanguka juu ya jani la mgomba lililotandikwa. Nikamkanda kwa taulo la maji moto. Nikakoroga povu, nikampaka mpaka akabaki macho na pua. Nikausugua wembe kwenye mkanda wa ngozi, mara ishirini kwenda, mara ishirini kurudi, mkono wa kushoto ukienda vizuri, na moyoni nikasema: ndizi tano, kijani tupu.

Shavu la kwanza liliteremka kama siagi. Mpito mfupi, futa. Mpito mfupi, futa. Wembe ulikuwa unaimba ile sauti yake ndogo, kama mtu anayepasua karatasi chumba cha pili. Nikasikia mtu kwenye mikeka akisema, "Anaweza, bwana." Nikaanza kujipenda. Nikashuka chini ya taya, upande wa kushoto wa mzee, nikapitisha wembe kuja chini kama nilivyofanya juu.

Sauti ikabadilika. Krrr. Wembe ukaruka.

Nikauinua haraka. Nikaangalia. Damu hakuna. Lakini Kashaija alikuwa amekunja vidole vya miguu, na mimi nilikuwa nimesimama pale jasho linanitiririka kwenye ubaridi wa Karagwe, na nimeelewa kosa langu lote.

Ndizi haina malalo.

Ndevu zinalala. Kila uso una njia zake: hapa zinashuka, pale zinakwenda kando, na chini ya taya la Kashaija kuna kizunguzungu, zinazunguka kama maji kwenye shimo kisha zinapanda kuelekea sikioni. Mpito wa kwanza lazima ufuate ndevu zinakolala. Ukienda kinyume, wembe unakwama, unaruka, unakata. Hili nililijua tangu utotoni. Lakini njia za uso wa Kashaija zilikuwa zinajulikana na mkono wa kulia, miaka kumi na tisa, nao haukuwahi kuuambia ubongo wangu hata siku moja. Wiki tatu nilikuwa nimeufundisha mkono wa kushoto kunyoa kitu kisicho na nywele. Ningekuwa ndizi, ningejicheka.

"Umesimama nini?" Eustadia akauliza.

Nilimwona Novatus ananyanyuka nusu. Hakuwa na furaha usoni. Alikuwa na hofu, kama mtu anayetazama mwenzake juu ya mti mrefu. Nikamwambia, "Kaa chini. Sijakuita," na nikashangaa sauti yangu ilivyotoka imara.

Nilishusha wembe. Nikanyoosha mkono wa kulia, ule mgumu, nikaweka vidole viwili chini ya taya la mzee, ndani ya povu. Kifundo hakikupinda. Hakikuhitaji kupinda. Vidole vikapapasa, polepole, kwenda mbele: laini. Kurudi: vinakwaruzwa. Kwa hiyo hapa zinakwenda mbele. Nusu kidole kando: hapa zinageuka. Hapa zinapanda. Vilikuwa vinakumbuka. Mkono niliokuwa nimeuzika ulikuwa unasoma uso ule kama mtu anayesoma barua ya zamani ya nduguye.

Nikaacha vidole vya kulia palepale, nikaivuta ngozi kwa juu mpaka ikakaza. Kisha nikahamisha miguu. Hilo nalo nilikuwa nimelisahau: kwa wiki tatu nilisimama mahali anaposimama mtu wa mkono wa kulia. Nikazunguka kigoda, nikasimama nyuma ya bega lake la kushoto, nikauleta wembe kutoka chini, ukipanda, kufuata pale vidole vilipoonyesha.

Ile sauti ya karatasi ikarudi.

Nikapapasa tena. Nikavuta. Nikapitisha. Mpito mmoja, kisha kusoma tena. Sikuamini hata nafasi ya ukucha bila kuuliza mkono wa kulia kwanza. Kwenye kizunguzungu nilikwenda vipande vipande, mpito wa urefu wa punje ya mahindi, nikizunguka pamoja nazo. Mgongo uliuma. Lengelenge la gumba lilipasuka tena nikahisi unyevu, nikalifutia kwenye aproni kabla halijafika popote, maana damu yangu nayo ni damu, na Eustadia asingeuliza ni ya nani. Novatus alikuja bila kuitwa akashika beseni la maji karibu na kiwiko changu. Nadhani ndiyo mara ya kwanza maishani mwake kumsaidia kinyozi mwingine.

Mdomo wa juu. Kidevu. Kisha awamu ya pili, povu jipya, mpito wa kukata kando. Sikuthubutu awamu ya tatu, ile ya kinyume. Hiyo ni ya vijana wa harusi. Jua lilikuwa limeshaukausha umande wote nilipokunja wembe.

Eustadia akaja na kitambaa chake cheupe. Akakibandika usoni mwa kaka yake, akakibana shavuni, kidevuni, akakizamisha chini ya taya, palepale. Alikaa hivyo muda wa kusali Baba Yetu nzima. Akakivuta. Akakigeuza kwenye mwanga, upande huu, upande huu.

Hakikuwa na kitu.

Watu wakaanza kushangilia, naye akainua kidole wakanyamaza. Alikuwa anachungulia nyuma ya sikio la Kashaija. "Umeacha tatu hapa."

"Mama," nikasema, "afadhali tatu zilizobaki kuliko tone lililotoka."

"Zitoe."

Nikazitoa. Kulia kusoma, kushoto kupitisha. Moja, mbili, tatu. Akarudisha kitambaa. Kikatoka cheupe.

Kashaija alipitisha mgongo wa mkono wake shavuni, taratibu, kutoka sikioni mpaka kidevuni, kama alivyokuwa akifanyiwa. Akatazama kule migombani. Mimi nilijishughulisha na kufuta wembe uliokwisha kufutwa.

"Nilikuwa nakutazama," Eustadia akaniambia. Sauti ilikuwa ileile, lakini haikufukuza ng'ombe. "Nilisema kumshika mzee uso kwa mkono wa kushoto ni tusi. Uliomgusa ni wa kulia. Wa kushoto ulikuwa unabeba chuma tu."

"Ndivyo ilivyo, mama. Wa kushoto ni mpagazi."

"Basi huyo mpagazi mpe maji anywe, maana hamjamaliza." Akamnyanyua Kashaija kwenye kigoda kwa bega, akakaa yeye. Akafungua kile kitambaa cheusi kichwani. Siku ya kuondoa msiba dada wa mfiwa naye hunyolewa kichwa, nami nilikuwa nimelisahau hilo kabisa. Alitoa wembe mpya kwenye mkoba, bado una karatasi ya duka, akanikabidhi. "Huu ni wangu. Ukimaliza utautundika kwako ukutani. Haya. Anza na huo wa kulia."

Nywele zake zilikuwa nyingi, fupi, zimelala pande zote za dunia. Na kichwa si shavu. Kichwa kina mabonde na vilima. Nilimgeukia Novatus, nikamnong'oneza, "Hapa nyumbani kuna boga lolote?"

"La nini?"

"La kujifunzia. Dakika kumi tu."

"Nimesikia," akasema Eustadia, bila kugeuka. "Paka povu."

Nikapaka povu.